Muulize Fundi wa Picha: Vioo Kumi na Kimoja vya Babu

SWALI: Shikamoo, fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Vihiga. Mwezi uliopita tulifungua sanduku la bati la marehemu babu, ambaye zamani za ukoloni alikuwa mpishi wa wamisionari. Chini kabisa, chini ya blanketi, tulikuta boksi la kadibodi lenye vioo kumi na kimoja, kila kimoja kimefungwa kwa karatasi nyeusi. Nimevipima: sentimita 12 kwa 16 na nusu. Ukiinua kimoja dirishani unaona watu, lakini kila kitu kiko kinyume: nyuso nyeupe kama chokaa, mbingu nyeusi tititi. Kimoja kina ubao wa shule na maandishi yake yamegeuka. Pembezoni vinang'aa rangi rangi kama mafuta ya taa juu ya maji. Mdogo wangu anasema huo ni uchafu, tuvioshe kwa sabuni ya unga, kisha tuviweke kwenye dirisha la banda la kuku. Hivi ni vitu gani? Vilitengenezwaje, na tutazionaje picha zenyewe? – Mjukuu wa Mpishi, Vihiga

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kabla hujasoma zaidi, mwambie mdogo wako aliweke beseni chini. Vioo hivyo ni negativu, yaani picha za kinyume ambazo nakala zake hutolewa kwenye karatasi. Visiguswe na maji wala sabuni, na banda la kuku mlitafutie kioo kingine.

Mwaka 1973 nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikijifunza kazi katika studio moja hapa Kisumu. Fundi aliyenifundisha alikuwa Mhindi mzee, mtu wa maneno machache, na ndani ya chumba cha giza aliweka kreti la vioo alivyoachiwa na marehemu baba yake. Siku moja ya Februari alisafiri, nami nikaona nimpendeze kwa kuviondolea vumbi. Cha juu kabisa kilikuwa cha bwana na bibi harusi. Nikakilaza kwenye trei ya kuoshea, nikafungua bomba. Ilikuwa saa nane mchana, na maji yalitoka kwenye tangi lililokaa juu ya mabati. Hazikupita dakika nyingi nikaona pembe ya picha inanyanyuka, kama utando wa maziwa yaliyochemshwa. Nikajaribu kuirudisha kwa kidole. Ikakunjamana, ikachanika, na uso wa bibi harusi ukateleza ukatoka kwenye kioo, ukaenda na maji kwenye tundu la sinki. Mkononi nilibaki na kioo kitupu.

Fundi aliporudi hakunifokea. Alikiinua kile kioo kwenye mwanga akauliza, "Walikuwa akina nani?" Nilipomweleza, alivuta kiti akakaa kimya kwa muda mrefu. Baadaye ndipo akaanza kunifundisha haya ninayokuandikia.

Kilichonyanyuka siku ile ni jelatini. Supu ya kwato za ng'ombe ikilala kwenye sufuria, asubuhi unaikuta imeganda, inatikisika. Hiyo ndiyo jelatini, inatoka kwenye ngozi na mifupa. Upande mmoja wa vioo vya babu yako umepakwa utando wake mwembamba sana, na ndani ya utando zimenasa chembe za fedha, fedha ile ile ya pete na bangili, ila zimesagika hata zikawa nyeusi. Palipo peusi pana fedha nyingi. Panapopitisha mwanga hapana fedha. Picha yote ni hizo chembe, na kinachozishikilia ni huo utando wa supu ya kwato. Ukipata maji unavimba, yakiwa ya vuguvugu unalainika na kuachana na kioo.

Mwanzoni lakini hapakuwa na jelatini. Upigaji picha ulipotangazwa mwaka 1839 kulikuwa na njia mbili. Louis Daguerre wa Ufaransa alipiga picha kwenye bamba la shaba lililopakwa fedha. Ilitoka kali ajabu, lakini ilikuwa moja tu, haina nakala. Henry Fox Talbot wa Uingereza alitumia karatasi. Yake ilitoa nakala nyingi, ila nyuzinyuzi za karatasi zilitia ukungu kwenye sura. Watu walitaka kitu kinachopitisha mwanga kama maji na kisicho na nyuzi. Kioo kilikuwepo, shida ikawa ni gundi ya kuishikisha juu yake dawa inayobadilika kwa mwanga.

Aliyeipata gundi hiyo alikuwa mchonga sanamu wa London, Frederick Scott Archer, mwaka 1851. Alitumia kolodioni, yaani pamba iliyopitishwa kwenye asidi kisha ikayeyushwa ndani ya etha na spiriti. Madaktari wa wakati huo waliipaka juu ya vidonda, maana ikikauka huacha ngozi nyembamba inayopitisha mwanga. Archer alitia ndani yake chumvi za iodini. Hakujiwekea haki ya kuwatoza watu kwa uvumbuzi wake. Wengine walitajirika kwa njia yake, yeye akafa maskini mwaka 1857. Jina lake ni la kukumbukwa, na ndiyo maana nimeliandika kwa ukamilifu.

Tazama mkono wa mpiga picha wa enzi hizo. Kioo amekishika kwa pembe moja, kimelala sawasawa kama trei ya chai. Anamwaga kolodioni katikati, kiasi cha kidimbwi kidogo, kisha anainamisha kioo taratibu: pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kwenye ya nne mabaki yanachuruzika kurudi chupani. Akisita kidogo tu, pale aliposita patabaki mstari. Utando ukianza kushika, anaingia chumba cha giza na kukizamisha kioo katika maji ya naitreti ya fedha kwa dakika tatu au nne. Kinatoka na rangi ya maziwa, na sasa kinaona mwanga. Anakitia kwenye fremu ya mbao kikiwa bado kinadondoka, anakimbia kwenye kamera, anafunua lenzi, anahesabu, anafunika, anakimbia kurudi. Anakimbia kwa sababu kolodioni ikikauka dawa haiingii tena ndani yake na picha imekwisha. Muda alionao, tangu kioo kitoke kwenye maji ya fedha, ni dakika kumi hivi. Kwenye joto, pungufu ya hapo. Anamwagia salfeti ya chuma, sura inajitokeza palepale, anasuuza, anaituliza (yaani anaiondoa dawa isiyopigwa na mwanga ili sura isizidi kubadilika), anaosha, anakausha, anapaka vanishi juu ya moto mdogo. Vidole vyake ni vyeusi muda wote, kwa sababu naitreti ya fedha ikigusa ngozi huibadilisha rangi na hakuna sabuni inayoitoa. Unasubiri ngozi yenyewe iote upya.

Kwa hiyo mtu aliyetaka kupiga picha porini alibeba chumba cha giza mgongoni, au tuseme aliwabebesha wapagazi. Mwaka 1860, James Grant alipofuatana na msafiri Mwingereza John Speke kuja upande wa ziwa letu la Victoria, alianza safari na vifaa vya picha, na alipiga picha Zanzibar. Kazi hiyo hakufika nayo mbali. Joto la hema lililofungwa na zile dawa vilimlemea, akaambiwa aache, akaendelea kwa kuchora kwa mkono. Nafikiri mtu wa Kisumu anaelewa kuliko yeyote. Etha huchemka kwenye nyuzi 35 hivi, na ndani ya hema la mchana kwetu joto hilo linafikiwa kabla hata hujawasha taa.

Aliyetuondoa kwenye mbio hizo ni daktari Mwingereza, Richard Leach Maddox, ambaye mvuke wa etha ulimwumiza afya. Mwaka 1871 alieleza jinsi alivyoacha kolodioni na kutumia jelatini. Wengine wakaiendeleza, hasa Charles Bennett, ambaye mwaka 1878 alionyesha kwamba mchanganyiko huo ukikaa kwenye joto siku kadhaa kabla ya kupakwa, unaona mwanga haraka mara nyingi zaidi. Tangu hapo kioo kikawa kikavu. Kiwanda kinapaka, kinakausha, kinafunga kwenye boksi, na mpiga picha anakitumia miezi baadaye. Viliuzwa kwa dazeni. Mwalimu, kama boksi lako lina kumi na kimoja, kimoja kilivunjika au kilipewa mtu.

Vyako ni vya namna hii ya kukauka. Nasema hivyo bila kuviona, kwa ishara ulizonipa. Kipimo cha sentimita 12 kwa 16 na nusu ni kile ambacho Waingereza walikiita nusu sahani, inchi 4¾ kwa 6½. Karatasi nyeusi na boksi la kadibodi ni mambo ya kiwanda. Na huo mng'ao wa mafuta ya taa si uchafu hata kidogo: ni fedha yenyewe, kwa miaka mingi ya unyevu imepanda juu ya jelatini na kutulia pembezoni. Tazama pia kingo. Vioo vya kolodioni mara nyingi ni vinene, vimekatwa kwa mkono, rangi yake inaelekea kahawa ya maziwa, na pembe moja ina alama ya kidole gumba pale aliposhika. Vya jelatini ni vyembamba, vyote sawa, na weusi wake ni wa mkaa.

Mmisionari wa babu yako alifanya hivi. Usiku, chini ya taa nyekundu, alifungua boksi na kuingiza kioo kwenye fremu ya mbao yenye kifuniko cha kuvuta. Mchana aliisimamisha kamera kwenye miguu mitatu, akajifunika kitambaa cheusi, akatazama watu wakiwa kichwa chini miguu juu kwenye kioo cha ukungu nyuma ya kamera, akalenga. Akaweka fremu, akavuta kifuniko, akafunua lenzi. Usiku tena, kioo kwenye trei, dawa ya kutokeza, kisha dawa ya kutulizia ambayo sisi mafundi tuliiita haipo, kwa kufuata matamshi ya Kiingereza. Sehemu zenye joto waliongeza shabu, ile ile ya dukani ya kutulizia tope la maji, kwa sababu shabu huikaza jelatini isinyanyuke. Fundi wangu aliniambia hilo jioni ile. Angekuwa ameniambia wiki moja kabla, bibi harusi angekuwepo.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye jambo moja, maana linahusu uso wa babu yako. Kwa nini chumba cha giza kilikuwa na taa nyekundu? Kwa sababu vioo vya zamani havikuuona mwanga mwekundu. Viliona buluu na urujuani, wekundu na kahawia vikavichukua kama giza. Hermann Vogel wa Ujerumani aligundua mwaka 1873 kwamba rangi fulani za kutilia nguo zikichanganywa na dawa, kioo huanza kuona kijani na manjano. Vioo vinavyoona rangi zote vilianza kuuzwa mwaka 1906, na wengi waliendelea kutumia vile vya bei nafuu. Matokeo yake ni hayo unayoyaona. Mbingu ya buluu ilipiga kioo kwa nguvu, ikawa nyeusi kwenye kioo na nyeupe tupu kwenye karatasi, haina wingu hata moja. Udongo mwekundu wa Vihiga ukawa kama makaa. Na ngozi zetu, zilizo na wekundu na kahawia ndani yake, zilitoka nyeusi kuliko zilivyokuwa. Macho na meno yalionekana, mashavu yakapotea.

Watu huzitazama picha hizo leo wakadhani mababu zetu walikuwa hivyo. Hawakuwa hivyo. Mpiga picha mwenye uangalifu aliweza kuwaongezea muda wa mwanga, na nyuso zingejaa. Aliyepima mwanga kwa kanzu nyeupe ya mmisionari aliwaacha gizani. Kwa hiyo mkitoa nakala, msikubali ile ya kwanza. Angazeni nyuso mpaka mashavu yaonekane. Mara nyingi yamo kwenye kioo, kwa sababu kioo hushika mambo mengi kuliko karatasi. Na mkiona shanga nyeusi shingoni mwa mama, fikirieni kwamba huenda zilikuwa nyekundu.

Kutazama ni rahisi siku hizi. Nawa mikono, ikauke. Shika kioo kwa kingo tu. Kiinamishe kwenye mwanga: upande unaoakisi kama kioo cha kujitazamia ni glasi, upande uliofifia una dawa, na huo usiuguse. Washa tableti au kompyuta ya mapajani, iweke ukurasa mweupe, ilale mezani. Weka viberiti vinne juu yake kama nguzo na ulaze kioo juu ya viberiti, dawa ikielekea chini. Ule uwazi wa viberiti unazuia vidoti vya skrini visionekane. Piga kwa simu kutoka juu, chumba kikiwa na giza, kisha tumia programu ya simu ya kugeuza rangi: cheusi kiwe cheupe, cheupe kiwe cheusi. Ukilaza hivyo, maandishi ya ubaoni yatasomeka sawa. Uliyaona yamegeuka kwa sababu ulikuwa unatazama upande wenye dawa.

Vumbi la upande wa dawa uliondoe kwa brashi laini sana, basi. Upande wa glasi unaweza kuupangusa kwa pamba iliyolowa kidogo tu, ukikaa mbali na kingo maji yasipenye. Kila kioo kipate bahasha yake ya karatasi safi, visimame kwa ubavu mrefu kama vitabu kwenye rafu. Ukivilaza kimoja juu ya kingine, vya chini hupasuka kwa uzito. Kilichopasuka usikigundishe kwa selotepu, kilaze peke yake kati ya kadibodi mbili. Visikae chini ya mabati wala karibu na jiko. Mende pia hula jelatini, kwa hiyo sanduku lifungwe vizuri. Nakala za simu zikipatikana, wapelekee wazee wa kijiji chenu mapema wazitazame, na mwandike majina wanayoyataja. Halafu mbisheni hodi Makumbusho ya Kisumu mkawaonyeshe mlicho nacho. Lakini wazee kwanza.

SWALI: Fundi, tuna picha ya bibi yetu na jamaa zake ya mwaka 1928, ilipigwa Nakuru. Wote wamekaza nyuso kana kwamba wanashtakiwa, na mbwa aliye mbele ana vichwa viwili. Niliambiwa walikatazwa kucheka kwa sababu kamera ilikuwa inachukua dakika nzima. Ni kweli? – Msomaji wa Lanet, Nakuru

JIBU: Kwa picha ya 1928, hapana. Enzi za kolodioni mtu alikaa tuli kwa sekunde kadhaa, na studio ziliweka stendi ya chuma yenye makucha nyuma ya kichwa ili asitikisike. Kufikia 1928, nje kwenye jua la Nakuru, sehemu ndogo ya sekunde ilitosha. Pengine kulikuwa na mawingu au mpiga picha alilibana tundu la lenzi kusudi wa mbele na wa nyuma wote watoke wakali, ndipo akahitaji nusu sekunde au zaidi. Nusu sekunde inamtosha mbwa kugeuza kichwa, na kioo kikamwandika pote alipokuwa.

Kuhusu nyuso, mimi nimepiga picha za Krismasi Kisumu miaka mingi. Baba alikuja na koti la kuazima, mama na watoto wamepakwa mafuta wakang'aa, na nikisema "chekeni kidogo" baba ananikata jicho. Picha ile ilikuwa inakwenda kuning'inia ukutani ukutane nayo ukiingia, na mtu hutaka wageni wamkute na heshima zake. Bibi yako hakushtakiwa. Alijua kwamba mtamtazama.

SWALI: Nina miaka ishirini na miwili, napiga picha za harusi kwa kamera ya dijitali. Nataka kujaribu picha za kioo za kolodioni chumbani kwangu Nyalenda. Nianzie wapi? – Kijana wa Lenzi, Kisumu

JIBU: Mwanangu, usianzie hapo, na hasa si chumbani unakolala. Mvuke wa etha hushika moto kwa cheche ya swichi. Ile pamba ya asidi ni jamaa wa baruti, usijaribu kuitengeneza kamwe. Tone la naitreti ya fedha likiingia jichoni linaweza kukupofusha, na baadhi ya wazee walitulizia picha kwa sayanaidi, ambayo ni sumu ya kuua. Kazi hiyo inafanywa hata leo, lakini chini ya mtu anayeijua, mahali penye hewa, macho yamefunikwa.

Anza na chapa ya buluu, iliyobuniwa na John Herschel mwaka 1842. Inahitaji chumvi mbili za chuma, amonia sitreti ya chuma na ferisayanidi ya potasiamu. Jina la pili linatisha kwa kufanana na sayanaidi, lakini si kitu kimoja. Ila usiitie asidi wala usiipashe moto, na vaa glavu. Waulize wenye maduka ya vifaa vya maabara za shule. Changanya kama maelekezo ya chupa yanavyosema, paka kwenye karatasi nzito ya kuchorea usiku chini ya taa hafifu ya manjano, iache ikauke gizani. Asubuhi weka juu yake unyoya wa kuku, ugandamize kwa kipande cha kioo cha dirisha, utoe juani. Karatasi itatoka manjano kwenda kijani, kisha kijivu. Ikifika kijivu, iingize ndani uioshe kwa maji ya kawaida mpaka manjano yote yaishe, uanike kivulini. Unyoya utabaki mweupe ndani ya buluu, na kila uzi wake utauhesabu.